Mtafsiri kamgeuza bibi jirani kuwa mchawi. Ni ufundi au ni uchochezi?

Mleta mada, Isevya

Wakuu, mwangaluka. Kuna jambo linanikereketa, nalileta tulichambue bila matusi.

Banda moja la video hapa Tabora mjini, silitaji, wikiendi hii lilipiga muvi ya kutisha ya Australia inayoitwa The Babadook, nakala iliyotafsiriwa, yaani DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za muvi. Kwa ambao hawajaiona: ni ya mwaka 2014, mwongozaji ni mwanamama Jennifer Kent, na ndiyo muvi yake ndefu ya kwanza. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 2, ambayo kwa viwango vya wenzetu ni hela ya vocha. Karibu dola 30,000 za kutengenezea seti walichangisha kwa wananchi mtandaoni. Ndiyo maana sehemu kubwa ya muvi imo ndani ya nyumba moja, na wanaoibeba ni wawili tu, mama na mtoto.

Mama ni mjane, anaitwa Amelia. Mumewe alikufa kwa ajali ya gari akimkimbiza hospitali kujifungua, kwa hiyo siku aliyozaliwa Samuel ndiyo siku aliyokufa baba yake. Mtoto anakaribia miaka saba na hajawahi kufanyiwa sherehe siku yenyewe. Vitu vya marehemu vimefungiwa chumba cha chini, jina lake halitajwi. Mtoto hashikiki, anaunda silaha, shule imemchoka. Mama halali. Ndipo kinatokea kitabu cha picha ambacho hakuna ajuaye kimetoka wapi, na ndani yake kuna jitu lenye kofia nyeusi na makucha marefu. Mama akichana kitabu, kinarudi. Akikana jitu halipo, ndivyo linavyopata nguvu.

Sasa sikilizeni. Nyumba ya pili anaishi bibi mmoja, Mrs Roach. Anaumwa Parkinson, mwili unamtetemeka. Kwenye muvi nzima yeye ndiye anayewapenda hao wawili bila masharti. Dada wa Amelia mwenyewe hamtaki mpwa wake nyumbani kwake, bibi ndiye anayekaa naye. Na usiku ule mambo yameshaharibika ndani, bibi huyohuyo anakuja kugonga mlango kuwaambia anawapenda.

Mtafsiri kafanya nini? Bibi alipotokea tu, mikono inacheza, sabufa ikanguruma: "Mnauona huo mkono? Huo umezoea kubeba tunguri! Huyu ndiye mwenye mtaa!" Banda likalipuka. Kuanzia hapo kila jitu likitokea, "katumwa na bibi". Pale mlangoni, bibi anasema anawapenda, mtafsiri anasema kaja kuangalia kama dawa imeshika. Nyuma yangu vijana wanapiga kelele stelingi amcharange. Mbele kabisa, kwenye mkeka, wamekaa watoto ambao sidhani hata darasa la nne wamefika.

Wakuu, hapa ni Tabora. Sihitaji kumhadithia mtu wa Nzega, Igunga au Uyui bibi zetu wamekatwa mapanga kwa kosa gani. Macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote! Sheria ya Uchawi ipo tangu enzi ya Mwingereza, 1928, na inamtia hatiani hata anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi. Mtaani ukimwita mtu mchawi hadharani unaitwa serikali ya mtaa. Kwenye maikrofoni unapigiwa makofi.

Mimi msimamo wangu ni huu: chumvi iwepo, majina ya kutaniwa yawepo, bila hivyo banda halinogi. Lakini kutafuta mchawi pale ambapo hadithi haina mchawi, halafu kumchagua kikongwe mgonjwa, huo si utafsiri. Karibuni.

Mwenye banda, Ng'ambo

Mleta mada umeandika vizuri ila inaonekana hujawahi kulipa umeme wa banda. Na niseme mapema, banda ulilokwenda si langu.

Mtu analipa shilingi 500 yake, kachoka, katoka kubeba mizigo stendi. Unamwekea mama wa Kizungu haongei, hali, anatazama ukuta. Jitu lenyewe unaliona kivuli. Mimi niliijaribu ile isiyotafsiriwa. Hawakufika nusu saa, "weka ngumi, weka ngumi", na wawili wakadai chao. Tangu enzi za marehemu Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, watu walikuwa wanakuja kumsikiliza mtafsiri kama walivyokuja kutazama picha. Ni msimulizi yule, si mkalimani wa mahakamani. Na watazamaji si wajinga, wanajua hiyo ni muvi. Hakuna aliyetoka pale akaenda kumtafuta bibi yake.

Kijana wa Cheyo

Muvi yenyewe mbovu, tusizunguke. Mwisho eti jitu halifi, wanalifuga chumba cha chini na mama analipelekea minyoo kwenye bakuli. Jitu unalifuga?? Bila mtafsiri ningelala.

Mama wa Kitete

Wanangu, mimi sikwenda bandani. Nimeiangalia kwenye simu ya binti yangu, ile yenye sauti zao, ananieleza palipo pagumu. Nililia, na sikulia kwa woga.

Wewe wa Cheyo unasema muvi mbovu kwa sababu jitu halikufa. Hujafiwa bado, ndiyo maana. Kwetu msiba una watu siku za mwanzo, matanga yakivunjwa kila mtu anashika njia. Hitima ya arobaini wanarudi kula, wanaondoka tena. Wewe unabaki na shati lake msumarini. Ukitaja jina la marehemu mwezi wa sita, shemeji anakwambia mwachie Mungu. Nina ndugu yangu wa karibu, simtaji, alifiwa akiwa na mimba kubwa. Kile kitoto kilipokuja, alikuwa anakinyonyesha huku amegeuza uso ukutani. Hakuwa akikichukia. Kilikuwa kimefanana mno na baba yake.

Sasa niwaambie tulichofanya sisi kama familia. Mtoto alipoanza kuamka usiku akipiga mayowe, hatukumuuliza mama yake analalaje. Tulimpeleka kwa mganga. Na mganga akakuna kichwa, akasema kuna mtu mzima, mwanamke, anaishi upande jua linakotokea. Kila nyumba ina jirani upande huo! Tukaacha kumsalimia yule bibi karibu mwaka mzima, naye ndiye aliyekuwa akituletea uji wa mgonjwa.

Kwa hiyo mleta mada, kosa la mtafsiri ni kubwa kuliko ulivyolieleza. Kafanya kazi ileile ya mganga. Nyumba ina tatizo ambalo wenyewe hawataki kuliangalia, anakuja mtu mwenye sauti nzito anawanyooshea kidole nje ya uzio, wote wanapumua. Anayetisha mle ndani ni mama. Ndiye anayeshika kisu, ndiye anayemuua mbwa wao kwa mikono yake, ndiye anayemwambia mtoto maneno ambayo mama hasemi. Mtunzi kathubutu kusema mama mzuri tu, ambaye kazi yake ni kuuguza wazee, anaweza kufika hapo akiachwa peke yake na usingizi umemkimbia. Mtafsiri kaona hilo zito, kamtwisha bibi.

Wa Urambo

Nimewasoma wote. Mnamwonea mtafsiri.

Mimi nimekulia kwenye tumbaku, najua macho mekundu yanavyopatikana: kesha na bani, lile banda la moto na moshi, wakati wa kukausha majani uone asubuhi utakavyoamka. Hayo macho hata vijana tunayo na hatuguswi. Anayeguswa ni mjane mwenye eka zake, au bibi ambaye watoto wa mumewe wanataka ng'ombe wagawanywe. Uchawi ni karatasi ya kufungia bidhaa, bidhaa yenyewe ni mirathi. Sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku kwetu na Usukumani hawakuwa na flashi wala sabufa, na bado walikuwepo wazee waliofukuzwa kwenye miji yao. Lambalamba wanaozunguka vijijini kuchangisha hela za kufichua wachawi hawajapata mafunzo bandani. Mkitaka kuokoa bibi, andikeni wosia, pimeni mashamba yao, wapeni hati. Kuhangaika na DJ ni kukimbia kazi.

Mleta mada

Mkuu wa Urambo, kuhusu mashamba sikupingi hata neno moja. Lakini fikiri: anayetaka shamba la bibi hamalizi kazi peke yake. Anahitaji kijiji kitakachosema "hata sisi tulikuwa tunamshuku", na polisi wakija kila mtu hakuona. Huko kushuku kunapandwa wapi? Wale watoto wa mkekani hawana eka ya kugombea. Wameondoka na somo moja tu, kwamba mkono wa mzee unaotetemeka una maana yake. Parkinson ni ugonjwa wa ubongo! Wapo wazee wanaoumwa hivyo hapa mjini, na wengine familia zinawaficha ndani kwa aibu.

Mama wa Kitete, shikamoo. Sina cha kuongeza.

Mwalimu, Ipuli

Naomba niguse hao watoto, maana mmewataja na kuwapita.

Tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976, na tuna Bodi ya Filamu inayopanga madaraja ya umri. Nakala ya kutafsiriwa kimsingi ni kazi nyingine kabisa: maneno mapya, adui mpya, kisa kipya. Nani kaipitia? Inatoka kwenye kompyuta ya mtu inaingia kwenye flashi, kesho iko Sikonge.

Kuna jambo nililisoma kuhusu muvi hii likanigusa kama mzazi. Zile sehemu mama anamtukana na kumtisha Samuel, yule mtoto mwigizaji hakuwepo mbele yake. Walimweka mtu mzima, kapiga magoti ili alingane kimo, ndiye akapokea maneno. Hawakutaka mtoto ayasikie hata kwa kuigiza. Sisi wa kwetu tunawakalisha mstari wa mbele kwa sababu ni wafupi, hawazibi wengine.

Ila mleta mada usikimbilie kuita serikali. Afisa akija atafunga banda, atachukua luninga, na vijana watahamia sebuleni kwa mtu ambako hata mlango wa kuwazuia watoto haupo. Nimeyaona hayo.

Wa Mwanga, Kigoma

Nacheka kwa uchungu. Angalau nyie mmetukaniwa bibi mmoja wa Australia. Sisi mkoa mzima ni mchawi. Ukisema unatoka Kigoma kwenye basi, jirani anavuta begi lake. Na kamchape, hao wasaka wachawi, wamepita humu wakiacha nyumba zimevunjwa na watu hawasalimiani.

Lakini nimtetee mtafsiri kidogo. Muvi za kutisha za Kiswahili zilipopata moto mwanzoni mwa miaka ya 2000, akina Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilitufundisha kuogopa kwa njia ya mizimu, majini na waganga. Ndiyo lugha ya woga tuliyolelewa nayo. Ukimletea mtazamaji jitu ambalo ni huzuni ya mtu, atauliza katumwa na nani. Mtafsiri kajibu swali la wateja wake. Kajibu vibaya, lakini swali lilikuwepo.

Kijana wa Cheyo

Sasa hapo ndiyo nimeelewa kwa nini wanalifuga. Ila mngesema mapema kwamba ni huzuni. Bado minyoo siikubali.

Mwenye banda, Ng'ambo

Nimefunga hesabu ndiyo nimepata nafasi ya kusoma.

Mama wa Kitete, shikamoo. Hiyo ya jirani wa upande wa jua imenikaa. Nikirudi kwenye biashara: watafsiri wanajaza mchawi kwa sababu muvi za namna hii zina ukimya mrefu, na mtafsiri akinyamaza dakika mbili watu wanadhani sabufa imekata. Anahitaji adui wa kumtaja. Kwenye hii hakuna, basi akamwokota wa karibu.

Watoto naweza kuwatoa ikifika saa moja jioni, hilo nalikubali kuanzia leo, ingawa mama zao ndio watakaokuja kunigombeza kwamba nimewarudisha mapema. Lakini nakala isiyotafsiriwa sipigi tena. Mkitaka bibi asafishwe, leteni mtu aitafsiri upya, mbele ya watu, aweze kuujaza ule ukimya bila kumtaja mchawi. Nitatoa Jumapili mchana, kiingilio nusu.

Mama wa Kitete

Ukimya wa yule mama naweza kuujaza mimi. Maikrofoni unayo?

Mwenye banda, Ng'ambo

Ipo mama. Waya umeshikwa na selotepu, usiuvute.

Wa Urambo

Nitakuja. Na swali langu la hati za mashamba bado hamjalijibu.