Ushauri: Kituo gani cha skii Ulaya kinafaa familia ya wanagenzi mwezi wa Desemba?

Mama_SouthC (mleta uzi)

Assalaam alaykum na hamjambo wanajukwaa. Mimi na mume wangu tumekuwa tukiweka akiba kwa ajili ya likizo moja ya theluji, na sasa fedha zimefikia kiwango cha kutuwezesha kupanga kwa dhati. Tunaishi Nairobi na tutasafiri watu watano: sisi wawili, binti yetu wa miaka 11, mdogo wake wa miaka 7, na mama mkwe wangu aliyepita miaka 65, ambaye magoti yanamsumbua na ameshasema wazi kwamba mbao za skii hatavaa, ila theluji anataka kuiona kwa macho yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuteleza.

Watoto wako huru kuanzia mwisho wa Novemba hadi mwaka mpya, kwa hiyo mwezi wa Februari, ambao kila mtu anausifia, kwetu hauwezekani. Mume wangu anavutiwa na Courchevel ya Ufaransa kwa sababu ya jina lake, jirani ametutajia Bansko ya Bulgaria kwa sababu ya bei, na mimi nimesoma habari za Zermatt ya Uswisi hadi nimechanganyikiwa. Tungependa pia mahali ambapo chakula cha halali hakitatusumbua sana. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa mnaoishi karibu na milima hiyo.

Mzee wa Munich

Waalaykum salaam, dada. Kabla ya jina la kituo, itazame kalenda yako upya, kwa kuwa hicho unachokiona kuwa kikwazo mimi nakiona ni nafuu kubwa. Februari husifiwa kwa sababu theluji huwa imeshiba, lakini ndio mwezi ambao shule za Ufaransa, Uholanzi na Uingereza hufunga kwa likizo fupi, vyumba hupanda bei na foleni za lifti hurefuka. Kuanzia mwanzo wa Desemba hadi tarehe 20 hivi, watoto wa huku wako darasani na milima ina nafasi. Jihadharini tu na siku zinazoizunguka tarehe 8 Desemba, ambayo ni sikukuu Austria na Italia, maana hapo wenyeji wote hukumbuka kwamba wana mbao stoo.

Shida ya wakati huo ni theluji yenyewe. Vijiji vingi vyenye majina makubwa viko chini. Mji wa Kitzbühel, ambako mashindano ya skii ya Hahnenkamm hufanyika kila Januari, uko mita 760 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na mapema Desemba unaweza kukuta ukanda mwembamba mweupe uliotengenezwa kwa mashine, huku pembeni nyasi zikiwa za kijani. Kwa hiyo kigezo chenu cha kwanza kiwe mwinuko: ama kijiji chenyewe kiwe juu, ama kiwe na barafuto, yaani barafu ya kudumu mlimani, la kukimbilia. Mwinuko wenyewe usikutieni hofu ya pumzi, kwani Nairobi iko karibu mita 1,700, na mtu wa South C ataamka Alps asihisi tofauti yoyote wakati mgeni kutoka Amsterdam anahema kwenye ngazi.

Kuhusu Courchevel, ni sehemu ya Les 3 Vallées yenye takriban kilomita 600 za miteremko iliyounganishwa, na jirani yake Val Thorens, kwenye mita 2,300, ndicho kijiji cha skii kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Theluji ipo, lakini mwanagenzi hushinda kwenye kona moja yenye mkanda unaosogea wa kumpandisha, akianguka na kuinuka, na sioni sababu ya kulipia kilomita 600 kwa ajili ya kona hiyo. Zermatt ni pazuri mno, magari ya kawaida hayaruhusiwi na mnaingia kwa treni kutoka Täsch, ila bei za Uswisi ni za Uswisi, na uwanja wa wanaoanza uko juu mlimani, mbali na mama mkwe. Chamonix ya Ufaransa, yenye miteremko migumu, msiiguse mwaka wa kwanza.

Pendekezo langu ni Obergurgl, Austria. Kijiji kiko mita 1,930, msimu hufunguliwa katikati ya Novemba, na ni miongoni mwa mahali ambapo theluji ya mapema inaaminika zaidi. Mnashuka Ötztal kwenye reli ya Innsbruck, kisha basi linawapandisha bondeni hadi mwisho wa barabara.

Kiboko ya Baridi

Naomba nimtetee jirani yako. Bansko ni nafuu kweli kwa malazi, chakula na walimu, na tangu Januari 2025 Bulgaria imeingia kikamilifu katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, hivyo viza ni hiyo hiyo moja. Hata hivyo, kwa tarehe zako nisingeithubutu. Mji uko chini ya mita 1,000, miteremko ya kuanzia iko juu kwa gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo), na asubuhi foleni ya gondola hiyo ni somo la subira. Mkiweza kwenda mwaka mwingine mwishoni mwa Januari, nitakuwa wa kwanza kuwaelekeza huko.

Dereva wa Salzburg

Ninaheshimu alichosema Mzee wa Munich kuhusu mwinuko, lakini kuhusu Obergurgl nina pingamizi, nalo ni bibi. Kijiji kile kimejengwa kwa ajili ya mtu anayevaa mbao asubuhi na kuzivua jioni. Asiyeteleza atatembea mtaa mmoja, atakunywa chai, atatembea tena mtaa ule ule, na siku ya tatu atauliza ndege ya kurudi ni lini.

Mimi ningewapeleka Zell am See au Kaprun, miji miwili jirani katika jimbo la Salzburg. Zell am See ni mji kamili ulio kando ya ziwa, una stesheni ya treni katikati, maduka, na njia tambarare ya kutembea ufukweni ambayo magoti hayatailalamikia. Mji uko chini, mita 757, kwa hiyo kwenye bustani za mjini sitawaahidi weupe mwanzoni mwa Desemba. Lakini juu ya Kaprun kuna Kitzsteinhorn, mlima wenye barafuto, ambao msimu wake huanza Oktoba. Gondola zinampandisha mtu hadi karibu na kilele, kwenye mita 3,029, ambako kuna roshani ya kutazamia milima ya Hohe Tauern. Bibi atapanda akiwa amekaa, atashika theluji ya kweli, atapigwa picha, na atashuka kula chakula cha mchana bila kukanyaga ubao.

Kuhusu halali, huku mna bahati isiyopatikana vijiji vingine vya Alps. Zell am See hupendwa sana na wageni wa nchi za Ghuba, hasa wakati wa kiangazi, na mikahawa imewazoea. Angalizo langu ni kwamba mapema Desemba ni katikati ya misimu, na mingine huwa imefungwa, kwa hiyo chukueni nyumba yenye jiko badala ya hoteli. Nyama ya halali inauzwa katika maduka ya Waturuki, ambao ni wengi Austria. Mkitua Salzburg, nunueni kabla ya kupanda treni.

Mkiwa hapa karibu na tarehe 5 Desemba, waandaeni watoto kwa Krampus. Ni vijana waliovaa manyoya, pembe na kengele kubwa kiunoni, ambao hupita mitaani usiku wakitisha watu kwa desturi ya zamani ya milima hii. Binti wa miaka 11 atacheka, lakini wa miaka 7 anaweza kulala chumbani kwenu wiki nzima.

Mzee wa Munich

Ndugu yangu wa Salzburg amesema kweli kuhusu bibi, sina ubishi. Naongeza moja tu ili dada aamue akiwa na picha nzima: barafuto likipigwa na upepo mkali, lifti za juu husimamishwa, na siku hiyo wanagenzi hawana pa kwenda ikiwa bonde halina theluji. Tena Kaprun ni basi kila asubuhi, na mbao za watu wanne mabegani, na mtoto anayetaka choo mara tu basi linapoondoka. Obergurgl unatoka mlangoni, mteremko huu hapa.

Dereva wa Salzburg

Ni kweli kuhusu upepo. Kuhusu mbao, hakuna haja ya kuzibeba, kwani maduka ya kukodisha yana makabati karibu na lifti, na kila mtu huacha vifaa vyake huko usiku. Pia tangu 2019 kuna lifti inayounganisha mlima mdogo wa Maiskogel, ulio kijijini Kaprun, na Kitzsteinhorn, hivyo anayelala upande huo anaweza kupanda bila basi.

Fundi wa Gikomba

Mimi sina la kusema kuhusu Austria, lakini kuhusu mavazi ninalo. Msinunue jaketi mpya za theluji kwa wiki moja, hasa za watoto wanaokua. Nendeni masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi mapema siku marobota yanapofunguliwa, mtazame jaketi na suruali za theluji zenye mikanda ya mabegani, ambazo wauzaji wengi huziuza kwa bei ndogo kwa kuwa hapa hazina mnunuzi. Geuza jaketi ndani nje na upitishe kidole kwenye mishono. Ukiona utepe wa ndani unabanduka au bitana inamwaga unga mweupe kama ngozi kavu, liache, kwa kuwa halizuii tena maji. Vuta zipu hadi juu na chini, na hakikisha mkono una mkanda wa kubana. Glavu na soksi nunueni mpya. Nguo za ndani zisiwe za pamba, kwani zikilowa jasho hazikauki na baridi huingilia hapo hapo.

Viatu vya skii mtakodi huko. Vaa soksi moja tu, nyembamba, isiyo na mkunjo. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, na ukikunja magoti virudi nyuma huku kisigino kikibaki chini. Kisigino kikiinuka, omba namba ndogo, hata kama muuzaji ana foleni.

Msafiri_Dubai

Ikiwa tiketi yenu inapita Dubai na mna siku ya kukaa, Ski Dubai ndani ya Mall of the Emirates inaweza kuwapunguzia hofu. Ni ukumbi wenye theluji ya kweli, ulifunguliwa 2005, na mteremko wake mrefu zaidi una urefu wa mita 400. Watoto wakijifunza kusimama na kufunga breki hapo, saa za kwanza mlimani hazitakuwa na machozi. Haichukui nafasi ya Alps, na kwa watu wazima sioni kama inalipa.

Kwa kuwa wapo watakaowauliza Waafrika Mashariki wanafuata nini kwenye theluji, wajibuni kwamba Mkenya Philip Boit alikimbia kwa skii kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda mbio hizo, alimsubiri mstarini hadi amalize. Na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018.

Karani wa Viza

Naomba mleta uzi asiache karatasi hadi mwisho. Ombi la viza ya Schengen hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Kama ni Austria, ombeni Austria, hata kama ndege inatua Frankfurt au Munich. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na siku 15 kabla ndio mwisho, ingawa mwenye busara hangoji hapo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyefikisha 12, hivyo kama binti yenu anakaribia kutimiza 12, angalieni tarehe.

Bima ndiyo inayowakwamisha wengi. Ubalozi unataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, lakini bima inayotosheleza ubalozi si lazima ikufae mlimani, kwa sababu nyingi huiondoa michezo ya theluji kwa mstari mmoja mdogo. Ombeni nyongeza ya skii kwa maandishi, na itaje uokoaji kwa helikopta, kwani Austria gharama ya helikopta baada ya ajali ya michezo hudaiwa aliyeumia.

Mama_SouthC (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, hasa kwa kubishana kwa hoja. Tumekaa nyumbani tukalijadili, na mama mkwe ameamua kabla yetu: anataka ziwa na roshani ya mita 3,000, na Obergurgl amesema wende wanaoupenda mtaa mmoja. Kwa hiyo tunaelekea Kaprun, upande wa Maiskogel, tukifika Jumamosi ya pili ya Desemba ili tuikwepe sikukuu ile na tuondoke kabla ya bei za Krismasi. Swali langu la mwisho: mume wangu anasema watoto pekee ndio wanaohitaji mwalimu, na kwamba yeye atanifundisha akishatazama video. Je, inawezekana?

Dereva wa Salzburg

Dada, mwambie shemeji yetu kwamba nimeona ndoa zikitikisika kwenye mteremko wa buluu, ambao ni mwepesi. Chukueni kundi la watu wazima, asubuhi, kuanzia saa nne hadi adhuhuri. Mchana mazoezi mepesi, na ifikapo saa kumi jioni lifti zinafungwa na giza linaanza kushuka. Pasi ya lifti ya mlima mzima msiinunue siku ya kwanza, kwa maana katika vituo vikubwa inakaribia au kupita euro 70 kwa siku kwa mtu mzima, na mwanagenzi anahitaji mkanda tu au pasi ya wanaoanza. Mwalimu ndiye atakayewaambia lini mpande.

Kwa tarehe zenu kuna jambo la kuhakikisha kabla ya yote. Mapema Desemba wageni ni wachache, na kundi la wanagenzi wazima huweza kukosa watu wa kutosha likafutwa. Iandikieni shule ya skii kwanza, muwataje watoto kwa umri wao, mwombe jibu la maandishi kwamba makundi yote mawili yatakuwepo wiki hiyo, ndipo mlipie nyumba.