Wapiga picha wa harusi Mbeya, kanuni ya theluthi mnaiacha wapi mkishalipwa?

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Tumekabidhiwa albamu ya harusi ya binti wa kaka yangu, iliyofungwa hapa Mbeya mjini, pamoja na picha za nje zilizopigwa kwenye mashamba ya chai ya Tukuyu na ufukweni Matema. Kamati ilihangaika na michango, mpiga picha akalipwa fedha yake yote kabla keki haijakatwa, na tulichopewa ni kitabu kizito chenye jalada la kupendeza ambacho ndani yake karibu kila picha ina kosa lilelile: kichwa cha mtu kimewekwa katikati kabisa ya fremu, juu yake nusu nzima ya picha imejaa dari na vitambaa vya mapambo, na chini watu wamekatwa miguu.

Picha inayoniumiza zaidi ni ya mama yetu akimfunga mjukuu wake kitenge pale ukumbini. Uso wa mama upo katikati, juu yake inang'aa taa ya dari ambayo hakuna aliyeihitaji, na mikono yake inayokaza fundo, ambayo ndiyo tukio lenyewe, imebaki nje ya ukingo wa chini. Katika albamu nzima hakuna picha nyingine ya tukio hilo.

Kanuni ya theluthi ingeiokoa picha ile. Unaigawa fremu kwa mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama, unapata visanduku tisa vilivyo sawa na sehemu nne ambapo mistari inakutana, kisha kile unachotaka kionekane kwanza unakiweka kwenye mstari au karibu na makutano hayo. Mtu akipigwa kuanzia kiunoni, macho yake yakakaa kwenye mstari wa juu, kifua na mikono vinapata nafasi bila kutafutiwa. Wala hakuna haja ya kukisia, kwa kuwa kamera nyingi na hata simu za mkononi zina gridi, yaani mistari hiyohiyo juu ya kioo, inayowashwa kwenye mipangilio. Tena si fasheni ya juzi: mwaka 1797 mchoraji Mwingereza John Thomas Smith, akiandika kuhusu michoro ya mandhari, alishauri anga lichukue ama theluthi mbili ama theluthi moja ya picha, ili lisigawane nusu kwa nusu na vilivyo chini yake. Kule Matema mpiga picha wetu ameupitisha mstari wa maji ya Ziwa Nyasa katikati ya kila picha, tena mara nyingi umempita bwana harusi shingoni. Angeushusha hadi theluthi ya chini, Milima ya Livingstone ingepata nafasi yake nyuma ya maharusi, na hiyo ndiyo sababu tuligharamia usafiri wa kwenda huko.

Chanzo cha uzembe huu nakijua, kwa sababu nami hushika kamera. Alama ya kulengea, yaani pale kamera inapopafanya paonekane kwa ukali, huanzia katikati ya kioo, naye mpiga picha mvivu huiweka usoni mwa mtu na kufyatua papo hapo. Angeweza kubonyeza kitufe nusu, akakishikilia ili ukali ubaki pale alipolenga, kisha akaisogeza kamera hadi mpangilio ukae vizuri. Au angeihamisha alama yenyewe, njia ambayo mimi naipendelea kwa picha za karibu zinazopigwa tundu la lenzi likiwa limefunguliwa sana, ambapo sehemu kali ya picha huwa nyembamba, maana ukiisogeza kamera baada ya kulenga, ukali wa picha unaweza kuhama jichoni ukaangukia sikioni. Zote mbili ni kazi ya sekunde chache.

Tulipolalamika tulijibiwa kwamba angezikata picha hizo kwenye kompyuta zikae sawa. Jibu hilo ndilo lililonileta hapa. Kompyuta itaikataje picha hadi itokeze mikono ambayo kamera haikuichukua? Na hata pale panapokatika, picha ya megapikseli 24, yaani nukta milioni 24, ukiibakizia theluthi mbili za upana na theluthi mbili za urefu inabaki na chini ya megapikseli 11, kisha mteja huyohuyo anauziwa picha kubwa ya kutundika sebuleni ikiwa imejaa chengachenga.

Akaongeza kwamba theluthi ni mambo ya watalii wanaopiga picha za tembo Ruaha. Laiti angewaiga hao watalii! Anayempiga picha tembo anayetembea humwachia nafasi mbele, kule anakoelekea. Huyu wetu, katika picha chache za kwenye chai ambazo alimweka bibi harusi pembeni, amemgeuza atazame nje ya fremu, pua ikikaribia kugusa ukingo, huku theluthi mbili zikiwa tupu mgongoni kwake.

Sipingi mtu kuwekwa katikati. Maharusi wakisimama mbele ya madhabahu, nguzo na viti vikilingana kushoto na kulia, hapo katikati ndipo mahali pao, na picha hiyo moja kwenye albamu yetu ni nzuri. Ninachokikataa ni katikati ya kila picha, iliyotokea kwa sababu mtu hakujishughulisha kufikiri.

Tunachodai ni mafaili yote halisi, yakiwemo ambayo hakuyachapisha, ili tutafute kama mikono ya mama imo popote. Kwa kamati nyingine, msilipe kwa kuonyeshwa picha chache nzuri za kwenye simu. Ombeni albamu nzima ya harusi moja, mwanzo hadi mwisho, muitazame. Na anayemfahamu mpiga picha wa Mbeya, Iringa au Njombe anayepanga picha zake kwa utulivu, aweke kazi zake hapa tuzione, kwa sababu kipaimara cha mdogo wake bibi harusi kinakaribia na huyu hatumrudii.