Naomba ushauri: sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ya MGB haitulii injini ikishapata moto

Wakuu habari. Nina MGB (gari dogo la michezo la Kiingereza) ya 1969, kabureta mbili za kampuni ya SU, aina ya HS4. Asubuhi nikivuta choki inawaka bila shida. Injini ikishapata moto ndipo vituko vinaanza: mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unapanda hadi 1200, unashuka 600, mara izime kabisa. Nikikanyaga mafuta na kuachia, inaganda kwenye 1500 kwanza, ndiyo ishuke taratibu.

Plagi ni mpya, pointi za distribyuta (kifaa kinachogawia plagi umeme) nimeziseti 0.38 mm, mafuta mepesi ya kwenye dashipoti (kikopo cha juu ya kabureta) nimeongeza. Kusawazisha kabureta nimerudia mara nne (mpira wa kusikilizia hewa umeniacha na sikio jekundu), lakini siku ya pili yale yale.

Jana nikapulizia dawa ya kusafishia kabureta pale shafti ya throto (kilango cha hewa cha kabureta) inapopita, kabureta ya nyuma. Mlio ukabadilika hapo hapo. Ya mbele, kimya. Tena nikiinua pistoni ya kabureta ya nyuma kidogo tu, injini inataka kuzima, kwa hiyo naona upande huo unakosa petroli au unavuta hewa ya wizi.

Swali langu: shafti mpya peke yake inatosha, au nichonge bodi ya kabureta niweke bushi? Na je, springi za distribyuta zikilegea zinaweza kuleta huko kuganda kwenye 1500? Sitaki kufungua vyote kwa pamoja halafu nisijue dawa ilikuwa ipi.