Daredevil ni mtu mmoja, au kila mwandishi ana wake?

Mtunza Kurasa:

Wakuu, salamu. Kuna jambo linanitatiza, na najua mpo mliomsoma Daredevil, yule shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel ambaye mchana ni Matt Murdock, wakili kipofu, na usiku anavaa kinyago, mkaniacha mbali.

Nilianza na Born Again, ile ya 1986 iliyoandikwa na Frank Miller na kuchorwa na David Mazzucchelli. Nikaimaliza nikiwa mnyonge. Karen Page, mpenzi wake wa zamani, anauza siri ya Matt Murdock kwa dozi moja tu ya heroini. Siri inapanda ngazi hadi kwa Kingpin, bosi wa majambazi, naye bila haraka yoyote anamvua Matt kimoja baada ya kingine: akaunti za benki, leseni ya uwakili, nyumba.

Kisha nikashauriwa nimsome Mark Waid, aliyeanza 2011. Nafungua, namkuta Matt anacheka! Ameingia kwenye harusi ya familia za majambazi, anapigana mbele ya wageni, na katikati ya vurugu anambusu bibi harusi wa watu. Nikarudi kutazama jalada nihakikishe sijakosea kitabu.

Sasa naomba mnisaidie. Huyu ni mtu yule yule? Au majina tu ndiyo yanafanana, na kila mwandishi anajiumbia wake? Na je, nianzie 1964 nije nikishuka, au nichague mwandishi mmoja nitulie naye?

Bakora:

Msome Miller, ufunge kitabu, uendelee na maisha. Sitanii. Kabla yake kilikuwa kitabu kinachotoka kila baada ya miezi miwili, hakina wa kukililia. Kingpin mwenyewe alikuwa adui wa Spider-Man tangu 1967. Miller ndiye aliyemleta kwa Daredevil mwaka 1981, na tangu hapo hakuna anayeona kama alitoka kwingine. Elektra, yule mpenzi wa Matt aliyegeuka muuaji, ni wake. Waliobaki wote wanakula kwenye sahani yake.

Karani:

Bakora, kwa Elektra na Kingpin sikubishii. Lakini Mtunza Kurasa, ndugu yangu, usimfuate kwenye hilo la kufunga kitabu.

Mimi nimefanya kazi ya ukarani mahakamani, kwa hiyo namsoma huyu bwana kwa jicho la kazi, mnivumilie. Wengi wakitaka kulinganisha waandishi wanauliza: Matt wa huyu ana huzuni kiasi gani? Mimi nauliza: huyu mwandishi anaufanyia nini uwakili wake? Mgogoro wenyewe uko hapo. Mchana kaapa kuitetea sheria, usiku anavunja watu taya bila hati ya mtu yeyote. Waandishi wote wanalijua hilo. Kinachowatofautisha ni nani anathubutu kulifikisha mbele ya jaji.

Stan Lee na Bill Everett walipomuumba mwaka 1964, uwakili ulikuwa kazi ya kumpa sababu ya kuvaa suti. Lee alipenda zaidi kuchekesha. Mwaka 1967, siri ilipokaribia kutoboka, alimfanya Matt ajidai ana pacha, Mike Murdock, mpayukaji asiye na upofu wowote, na Matt akawa anaigiza watu wawili mbele ya Foggy Nelson, rafiki na wakili mwenzake, na Karen. Upuuzi mtupu, na nilicheka. Lakini angalia: huo ni uongo mkubwa wa wakili kwa watu wanaompenda, na haukusahaulika. Nusu karne baadaye mwandishi Charles Soule akampa Mike mwili wake mwenyewe, awe mtu kamili, na Chip Zdarsky, aliyemfuata, akaja kumfanya Kingpin amuue akidhani anamuua Matt. Mzaha wa 1967 umezaa maiti.

Miller yeye uwakili aliutazama kama kitu cha kumpora mtu. Wenyewe hakuwa na hamu nao sana. Matt wake akitaka kujua haki ni nini, haendi mahakamani; anaenda kukaa kando ya kitanda cha adui yake Bullseye, muuaji wa kukodiwa, hospitalini, anamwelekezea bastola, anavuta kifyatulio kwa zamu, na mwishowe tunagundua haina risasi. Hilo ni toleo la 191, la 1983, la kuagana na awamu yake ya kwanza. Zuri mno. Ila halina sheria ndani yake.

Aliyenikamata mimi ni Brian Michael Bendis, pamoja na mchoraji Alex Maleev, kuanzia 2001. Sikiliza alichofanya. Gazeti linachapisha kwamba Matt Murdock ndiye Daredevil. Ni kweli tupu. Matt anafanyaje? Anakana mbele ya waandishi wa habari, kisha analishtaki gazeti kwa kumchafulia jina! Wakili anafungua kesi akijua kabisa kwamba mshtakiwa kasema kweli. Hapigwi ngumi, hafilisiwi, hakuna anayemvamia. Anajiharibu mwenyewe kwa karatasi zilizopangwa vizuri. Katika miaka yangu ya kupokea nyaraka nimeziona sura za watu wa namna hiyo, wanaosaini huku wanatazama pembeni, na sijui Bendis aliwaonea wapi.

Ndani ya awamu hiyo hiyo kuna kesi ya shujaa mwingine, White Tiger, jina lake halisi Hector Ayala, anayetuhumiwa kumuua polisi. Matoleo matatu ya watu kukaa na kuongea. Baraza la raia wanaoamua kesi linamtia hatiani, anajaribu kukimbia, anapigwa risasi. Daredevil ana masikio ya kusikia moyo wa shahidi ukidunda anapodanganya, na hawezi kuyatumia kama ushahidi. Unajua mateso hayo?

Halafu kuna jambo jingine linalojibu swali lako. Waandishi wa Daredevil wana tabia ya kuondoka wakimwachia anayefuata balaa. Bendis aliondoka 2006 akiwa amemweka Matt gerezani. Ed Brubaker akaanzia humo humo, kwenye selo, kati ya watu ambao Matt ndiye aliyewapeleka. Naye alipomaliza 2009 akamwacha akiwa kiongozi wa the Hand, kundi la wauaji ambalo amepigana nalo maisha yake yote. Ukimfikia Waid, kicheko kilichokushtua ni cha mtu aliyepitia yote hayo na kuamua asipocheka atarukwa na akili. Foggy hamwamini hata dakika moja, na wewe usimwamini. Baadaye kwenye mfululizo wake wa pili Waid anaiweka sonona ya Matt mezani, waziwazi.

Na kwenye sheria pia Waid ni fundi. Kila mtu anashuku kuwa Matt ni Daredevil, kwa hiyo akisimama mahakamani upande wa pili unamrushia hilo na kesi inavurugika. Dawa yake? Anawafundisha wateja wajitetee wenyewe. Mwaka 2014 anakiri chini ya kiapo, anapoteza haki ya uwakili New York, anahamia San Francisco. Soule, ambaye mwenyewe alifanya kazi ya uwakili, akamrudisha kama mwendesha mashtaka, akapeleka hadi Mahakama ya Juu ya Marekani hoja ya kama shujaa anaweza kutoa ushahidi bila kuvua kinyago wala kutaja jina. Nilisoma nimekaa wima. Ila ili afike hapo aliwafuta watu wote kumbukumbu ya nani ni Daredevil, kwa njia ya mkato, na hilo sijamsamehe.

Kwa hiyo kwangu ni mtu mmoja. Si kwa tabia. Kwa madeni.

Wino:

Karani umeshusha nondo, lakini unaongea kama vile vitabu hivi havina picha. Hiki Mtunza Kurasa alichokiona kwanza ni rangi, si hoja. Maleev anachora nyuso kama zilizotokana na picha za kamera, kisha anazimwagia weusi. Huwezi kucheka ndani ya chumba kile hata ukitaka. Paolo Rivera na Marcos Martin, waliofungua na Waid, wao wanaujaza ukurasa sauti zilizoandikwa: kila kelele ina mahali pake, nawe unaijua njia kwa kuisikia, na rada, ile hisi inayomwonyesha Matt umbo la vitu, inatokea kama mistari ya waridi gizani. Ndipo nilipokumbuka huyu mtu haoni. Waandishi wengi hulisahau hilo kurasa nzima.

Tafuta toleo la 7 la Waid na Rivera. Basi limepinduka kwenye theluji, ndani wamo watoto vipofu, Matt ni mwalimu wao wa safari na hana nguo zake nyekundu. Mwishowe watoto ndio wanaomwongoza yeye. Hakuna jaji hapo, Karani, na ni bora kuliko kesi zako zote.

Mtunza Kurasa:

Dah, nashukuru wote. Mbona hakuna aliyemtaja Ann Nocenti? Nimeona jina lake kwenye matoleo mengi tu.

Karani:

Umenikumbusha la msingi. Nocenti aliandika toka 1987 hadi 1991, sehemu kubwa akiwa na John Romita Jr., yaani alirithi mtu ambaye Miller alishamvua kila kitu. Wengi wangemrudishia leseni upesi mambo yaendelee. Yeye akamwacha bila leseni, akamfungulia kituo cha kuwasaidia maskini pamoja na Karen, na kumfanya aendeshe kwa mlango wa nyuma kesi ya mtoto aliyepofuka kwa sumu za kiwanda. Mtoto kipofu kwa kemikali, na wakili kipofu kwa kemikali, na mwenye kampuni ni Kingpin. Mwaka 1988 anamleta Typhoid Mary, mwanamke mwenye nafsi zaidi ya moja, anayempenda Matt kwa nafsi moja na kumwinda kwa nyingine. Kisha anamtoa kabisa mjini, anaanza kuzunguka vijijini, na hapo baadhi ya wasomaji wanamkimbia. Mimi sikukimbia, ingawa kuna mahotuba mle ndani.

Bakora:

Hata huyo anaanzia alipoishia Miller. Nasema tu.

Wino:

Na Zdarsky anaanzia wapi, Bakora? 2019, Daredevil anampiga mwizi mdogo, mwizi anakufa. Hakukusudia. Miller hajawahi kumpeleka hapo.

Karani:

Na baadaye anakubali kushtakiwa na kufungwa akiwa na kinyago chake usoni. Mtunza Kurasa, 1964 unaweza kuionja tu. Kwa kuwa Miller umeshamsoma, nenda kwa Nocenti, kisha Bendis ukianzia toleo la 26, maana hapo ndipo Maleev anapoingia. Brubaker usimruke, hata wakikuambia ni mzito. Ukimrudia Waid baada ya hapo, anza tena na ile harusi, umtazame Foggy kila Matt anapocheka.