Ghetto ya Roma: dhambi ya Kanisa au ndo zama zilivyokuwa?

Kalamu Butu: Wakuu, jana tumebishana jumuiya mpaka chai ikapoa. Mwaka 1555 Papa Paulo wa Nne alitoa hati, Wayahudi wa Roma wakasukumiwa mtaa mmoja pembeni ya mto Tiber, ndo ghetto yenyewe, mto ukifurika maji yako ndani, geti linafungwa usiku, wanaume kofia ya njano, marufuku kumiliki nyumba, na biashara walobakiziwa ni nguo kuukuu. Je lawama ni ya Kanisa au ya watu wa enzi ile?

Mtoto wa Kigango: Mmeanza. Kila Kwaresma lazima mtu afukue makaburi. Jina lenyewe ghetto limetoka Venice 1516 na ile ilikuwa serikali ya Venice, sio papa. Na mapapa walotoa hati za kuwalinda Wayahudi tangu karne ya 12 mbona huwataji?

Ndondo: Kwa hiyo papa aliwafanya wauza mitumba 😂😂 hiyo nayo adhabu

Mama Belo: Samahani kaka, mitumba ina nini? Mimi saa kumi na moja alfajiri niko Karume nafungua belo, watoto watatu wamesoma kwa hizo nguo unazozichekea.

Ndondo: Dada sijakutukana

Mama Belo: Umeweka vicheko viwili, nimehesabu.

Kalamu Butu: Jamani turudi kwenye mada

Mama Belo: Mada ndo hiyo hiyo. Mimi nikichoka kesho nahamia vitenge, nani wa kunizuia? Wale walikatazwa kuuza kipya, ukioga vizuri ukavaa vizuri bado kofia ya njano kichwani. Usinilinganishe.

Mwalimu wa Zamu: Na kisa cha Mortara mnasemaje? Bologna 1858, mji wa Italia uliokuwa bado unatawaliwa na papa, mtoto wa miaka sita, dada wa kazi alishambatiza kimya kimya alipoumwa akiwa mchanga, askari wa papa wakaja kumchukua kwa wazazi wake Wayahudi, Papa Pio wa Tisa akagoma kumrudisha. Hizo si enzi za mishale, Roma treni ilishafika.

Mtoto wa Kigango: Ubatizo wa dharura ni halali mwalimu, usichokijua usikiseme. Hata mimi nilibatizwa na nesi nikiwa kichanga hoi.

Mwalimu wa Zamu: Nesi alikurudisha kwa mama yako?

Mtoto wa Kigango: Unaleta utani kwenye sakramenti. Huyo Mortara mwenyewe alikuja kuwa padre kwa hiari yake

Ndondo: Kalelewa na papa angekuwa nani, shehe?

Mtoto wa Kigango: Yohane Paulo wa Pili alienda sinagogi la Roma 1986 akawaita ndugu zetu wakubwa. Na kabla yake Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulishasema 1965 Wayahudi wasibebeshwe damu ya Yesu. Mnataka nini tena, tupige magoti hadi lini?

Mwalimu wa Zamu: Hakuna aliyesema upige magoti, umeulizwa swali moja. Geti zimekuja kubomolewa 1848, na vikwazo vimekwisha kabisa papa aliponyang'anywa Roma 1870. Yaani hawakuachiwa, walikombolewa na majeshi ya Italia.

Mtoto wa Kigango: Na geti za 1848 zilibomolewa kwa amri ya nani? Pio huyo huyo. Soma yote.

Kalamu Butu: Hapo kuna kitu

Ndondo: Mama Belo, makoti ya watoto yapo? Mdogo wangu anahamia Mbeya

Mama Belo: Yapo. Ila wewe bei yako ina vicheko viwili juu.