Mrejesho: alama ya yuro sasa inatafutika

Wakuu, nimerudi. Kwa aliyekosa mwanzo: niliuliza kwa nini programu yangu ya kutafuta inaonyesha "Â£50" badala ya "£50", na kwa nini nikitafuta "€" haileti kitu.

Aliyeniambia nisiguse msimbo wa programu kabla ya kutazama baiti (namba ambazo faili huhifadhia herufi) alikuwa sahihi. Nilifungua faili nikakuta baiti mbili, C2 A3 (kwa heksadesimali), yaani pauni halali kabisa ya UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti moja au zaidi. Faili lilikuwa zima. Programu ndiyo iliyolisoma kama Latin-1 (yaani ISO-8859-1), mfumo wa zamani wa kila baiti herufi yake, ndipo ile Â ikazaliwa. Mafaili ya zamani yalikuwa na kituko kingine: yuro imekaa kwenye baiti moja tu, 80. Hiyo ni Windows-1252, mfumo wa Windows unaofanana na Latin-1. Kwenye ISO-8859-1 yuro haipo kabisa. Sasa kila faili linageuzwa kuwa UTF-8 pale pale linapoingia.

Nikadhani nimemaliza. Wapi! "€" bado haipatikani. Kumbe sehemu inayokata maandishi kuwa maneno huitupa alama ya fedha kama inavyotupa koma, kwenye faharasa (orodha ya maneno ambamo programu hutafuta) ikabaki 50 peke yake. Nimeweka kanuni ya kugeuza "€" kuwa neno "yuro" kabla ya kukata, upande wa faharasa na upande wa swali pia. (Mara ya kwanza niliweka upande mmoja, nikapoteza jioni nzima.) Kisha nikajenga faharasa upya.

Imebaki "$", ambayo ni dola ya nchi nyingi. Hiyo natafuta kwa msimbo wa sarafu, USD (Marekani) au CAD (Kanada).