Mnaomwaga maswali ya chemsha bongo humu, majibu yenu mnayatoa wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na povu, na atakayeona limezidi apite tu.

Hii tabia ya mtu kuamka, kukopi maswali 20 ya maarifa ya jumla kutoka asikokujua, kuyapesti hapa bila kusoma hata moja, halafu kujigeuza msahihishaji wa wenzake, imetuchosha. Chemsha bongo naipenda, na wengi wetu ndiyo inayotuleta humu. Lakini anayeuliza ndiye mwenye dhamana ya jibu, na wengi wenu dhamana hiyo hamuitaki. Mnataka komenti zijae, basi.

Chukueni la juzi. Swali: sayari gani ina miezi mingi kuliko zote? Mchangiaji mmoja akajibu Zohali. Mwenye uzi akamwekea alama nyekundu ya kukosa na vikatuni vitatu vya kucheka: "Umekosa mkuu, ni Mshtarii, ina miezi 79." Jamaa akaeleza kwa upole kabisa, akaweka na kiungo. Akajibiwa, "Mimi nafuata majibu yaliyoandikwa." Yameandikwa na nani? Lini? Hapo kimya, na watu wakaendelea kumcheka aliyepatia.

Sasa ile 79 peke yake inamuumbua. Hiyo ndiyo idadi ya Mshtarii iliyokuwa inajulikana mwaka 2018. Oktoba 2019 Zohali ikaipita kwa kufikisha 82. Mwanzoni mwa 2023 Mshtarii ikarudi juu na 92, haikudumu hata nusu mwaka, Zohali ikafika 145, kisha 146. Machi 2025 ikatambuliwa mingine 128 kwa mpigo, jumla 274. Kwa hiyo swali lile limelala kwenye faili la mtu tangu kabla ya Oktoba 2019, likapita mikono sijui mingapi, na hakuna hata mmoja aliyelifuta vumbi. Mtunzi wa kwanza hana kosa, wakati wake alikuwa sahihi. Kosa ni la huyu wa juzi aliyemwambia mwenzake "umekosa" kwa kutumia majibu asiyojua umri wake.

Na ya namna hiyo yamejaa. Mji mkuu wa Burundi bado mnaandika Bujumbura, wakati tangu 2019 ni Gitega na Bujumbura imebaki kitovu cha biashara. Nchi yenye watu wengi zaidi bado mnasema China, ilhali India iliipita 2023. Kuna anayetaka tutaje sayari tisa! Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006, humu kuna wachangiaji wamezaliwa baada ya hapo. Kali kuliko zote ni Kazakhstan: mji mkuu Astana ukabadilishwa jina kuwa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi kuwa Astana 2022. Yaani hapo orodha ya 2015 iko sahihi na ya 2020 imekosea. Mtu wa kukopi anapatia kwa bahati tu, kisha anatamba.

Kundi la pili ndilo linalonipandisha presha zaidi, maana hapa hata tarehe haisaidii. Ni wale ambao swali lenyewe bovu. "Mlima mrefu kuliko yote duniani?" Unaupimia wapi? Kutoka usawa wa bahari ni Everest, mita 8,848.86. Kutoka kitako hadi kilele, Mauna Kea ya Hawaii inapita mita 10,000, ila sehemu kubwa imezama baharini. Ukipima umbali kutoka katikati ya dunia, kilele kinachoongoza ni Chimborazo cha Ecuador, kwa sababu dunia imetuna pale kwenye ikweta. Ungeongeza maneno "juu ya usawa wa bahari" tusingegombana. Jangwa kubwa kuliko yote, mnasema Sahara. Sahara ina kilomita za mraba kama milioni 9, Antaktika ina karibu milioni 14, na ni jangwa kwa sababu jangwa linapimwa kwa uhaba wa mvua na theluji, mchanga si sharti. Ungeandika "jangwa la joto", yakaisha.

Halafu kuna yule wa Afrika Kusini. Mji mkuu ni upi: (a) Johannesburg (b) Pretoria (c) Cape Town (d) Durban. Serikali iko Pretoria, Bunge liko Cape Town, na wa tatu, Bloemfontein wa mahakama, hata hakuuweka! Aliyechagua (c) akaambiwa arudi darasa la nne. Umeweka majibu mawili sahihi kwenye swali la jibu moja, halafu unamrudisha nani shule?

Uongo wa zamani sitaukalia sana. Ukuta Mkuu wa China hauonekani kwa macho matupu kutoka mwezini. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa angani na nchi yake, alirudi mwaka 2003 akasema hakuuona, na yeye alikuwa kwenye mzunguko wa karibu tu wa dunia. Si kweli kwamba binadamu anatumia asilimia 10 tu ya ubongo, anautumia wote. Popo si vipofu. Einstein hakuwa akifeli hisabati, na Nobel yake ya mwaka 1921 si ya nadharia ya uhusianifu, ni ya athari ya fotoelektriki, yaani mwanga kung'oa elektroni kwenye metali. Yote hayo yanaangaliwa kwa dakika mbili ukiwa na simu hiyo hiyo uliyopestia.

Nyie wa "asilimia 99 hukosa hili", hiyo asilimia nani kaihesabu? Na nyie wa "jibu nitaleta saa mbili usiku" kisha mnapotea jumla, kuna nyuzi hapa watu bado wanaulizana jibu na mwenyewe hajaonekana tena.

Kuna na aina moja ambayo kwangu si kero tena, ni hatari. "Tujuane kwa maswali 10": mnyama wako wa kwanza aliitwa nani, shule ya msingi ulisoma wapi, jina la ukoo wa mama. Hayo si maarifa ya jumla, jamani. Ndiyo maswali yanayotumika kurudisha nywila ya akaunti iliyosahaulika. Na watu wanajibu hadharani, na kopa juu!

Siku hizi wameongezeka wanaoiambia akili mnemba iwatungie maswali 50, wanayamwaga yote yakiwa ya moto. Ile kitu haioni haya. Inatoa jibu la uongo kwa lugha safi ileile inayotolea la kweli. Itumie ukitaka, lakini ukague swali moja moja kabla hujalileta.

Msiojali mtasema maarifa haya hayana mwenyewe, kukopi kuna shida gani. Sawa, msikilizeni Fred Worth wa Marekani, mwandishi wa vitabu vya maarifa madogo madogo. Alipanda jibu la uongo makusudi kwenye kitabu chake ili amnase atakayekopi: kwamba jina la kwanza la mpelelezi Columbo wa kwenye televisheni ni Philip. Ukatoka mchezo wa maswali uitwao Trivial Pursuit na swali lilelile, na Philip yuleyule. Mwaka 1984 akawashtaki akidai dola milioni 300. Kesi alishindwa, kwa kuwa ukweli wa kawaida hauna haki miliki. Lakini nao walikuwa wameshanaswa na Philip wao. Watu waliouza mchezo dunia nzima walimeza uongo kwa sababu hawakukagua, sembuse wewe na picha ya skrini iliyokatwa pembeni.

Wasimamizi, hili ni lenu. Uzi wa maswali usio na majibu ndani ya siku moja ufungwe. Swali la takwimu liandikwe na mwaka wake, mbele kabisa: "kufikia 2025, sayari gani..." Likikosolewa kwa ushahidi, mwenye uzi arekebishe bandiko la kwanza, maana wanaokuja kesho hawasomi kurasa sita za ubishi. Na tabia ya kufuta komenti ya aliyekusahihisha ili ubaki unaonekana mjuaji ipewe adhabu, hata kufungiwa wiki.

Ukiona tarehe au namba yoyote niliyoandika hapo juu haiko sawa, lete ushahidi, narekebisha bandiko leo leo.